Niliitwa Capri Point kuweka marumaru za jikoni, nikaishia kushika vigae vya miaka 300

Fundi wa Igoma

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji wa kimya, huwa napita, nacheka, nalala. Leo usingizi umegoma.

Kazi yangu ni fundi wa marumaru. Huu mwaka wa 14, hapa hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa. Wiki iliyopita kuna mzee alinipigia simu, anakaa upande wa Capri Point, zile nyumba za zamani zinazotazama ziwa. Kazi yenyewe ndogo: jiko la mita za mraba 11, marumaru za 60 kwa 60. Nikapima, tukavutana bei kidogo, tukaelewana. Siku ya pili nimeshapanga mistari miwili, mzee akaja na chai, akasimama mlangoni, akaniuliza: "Fundi, umewahi kusoma mgongo wa marumaru?"

Nikamwambia mgongo naupaka gundi, mzee wangu, kuusoma sina muda.

Alicheka sana. Akaniambia nawa mikono, uje.

Chumba cha nyuma, mapazia mazito, kinanukia mbao. Ukutani fremu za mninga, ndani ya fremu vigae. Nilihesabu 74. Hakuna kilichogandishwa, kila kimoja kimeshikwa na vibanio vinne vya shaba, ukivilegeza kinakuja mkononi. Na Mungu anisamehe, jicho la fundi halikuona uzuri kwanza. Liliona kwamba havijanyooka! Hiki kimepinda, kile kona imezidi, kingine upande mmoja mnene kuliko mwingine. Nikajisemea ningeletewa boksi la hivi, lingerudi dukani siku hiyo hiyo.

Mzee akanitolea cha kwanza. Cha Uholanzi, karne ya 17. Kidogo tu, kama sentimita 13 kwa 13, cheupe, mchoro wa bluu: mtoto anakimbiza ringi kwa kijiti. Wakuu, ringi! Kama watoto wa Mabatini wanavyoshuka nayo kilimani. Akasema Waholanzi walikuwa na mtindo mzima wa vigae vya michezo ya watoto: tiara, pia, kutembea juu ya magongo marefu. Na kwenye kona zote nne kuna kidude kimejikunja kama pembe. Nikauliza ni nini. "Kichwa cha ng'ombe," akajibu, ndivyo wenyewe wanavyoliita pambo hilo. Nikamwambia basi mchoraji alikuwa Msukuma.

Halafu akanieleza kinavyotengenezwa, na hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Udongo unakandwa, unasukumwa kama chapati, unakatwa, unakaushwa, unachomwa mara ya kwanza. Kikitoka tanurini kinapakwa uji wenye madini ya risasi na bati. Bati ndiyo yenye kazi: bila hiyo ungeona rangi ya udongo, ikiwepo, kigae kinakuwa cheupe kama maziwa. Uji ukikauka unabaki unga mtupu, ukiugusa unatoka na kidole. Na mchoraji anachora juu ya huo unga! Brashi ya nywele, rangi ya kobalti, mstari ukigusa tu umeshanyonywa. Ni kama kuandika kwa wino juu ya unga wa muhogo. Hakuna kufuta, hakuna kurudia. Kisha kinarudi motoni, karibu nyuzi joto 1,000, ule unga unayeyuka kuwa kioo na mchoro unabaki humo humo.

Hawakuchora kwa kubahatisha lakini. Walikuwa na karatasi ya mchoro iliyotobolewa tobolewa kwa sindano. Wanaiweka juu ya kigae, wanaigonga na kifuko cha unga wa mkaa, vinabaki vidoti, brashi inavifuata. Sisi na kamba yetu ya rangi tunafanya nini tofauti? Ndiyo maana utakuta watoto wawili wa ringi, karatasi moja, lakini mmoja ana kitambi.

Sasa mgongo. Akakigeuza. Mchanga mchanga, rangi ya biskuti, na mabaki ya chokaa ya ukuta kilikotolewa. Akarudi mbele, akaniambia pitisha kucha kwenye kona. Kuna kitundu kama cha sindano. Kona ya pili kingine. Nikadhani mdudu. "Huyo ni fundi mwenzako," akasema. Mkataji alikuwa na kibao chenye vimisumari kwenye kona; anakikandamiza juu ya udongo mbichi ili kisiteleze, anapitisha kisu pembeni. Msumari unaacha tundu. Jina la mtu yule halijulikani, tundu lake nimeligusa. Na kingo amezikata kwa kulaza kisu, mbele pana nyuma pembamba, ili vigae vibanane kabisa usoni na chokaa ikae nyuma. Mimi nanunua spesa za plastiki!

Kulikuwa na kipande kimoja cha Iznik, Uturuki, kimevunjika, amekilaza kwenye kitambaa. Huo si udongo hasa, sehemu kubwa ni jiwe la kwazi lililosagwa. Akaniambia nifumbe macho nipitishe kidole. Nyekundu yake imeinuka, unaisikia. Wekundu huo walianza kuupata katikati ya karne ya 16, enzi za msikiti wa Süleymaniye kule Istanbul uliokamilika 1557, na haukudumu. Karne iliyofuata ulishachuja.

Niwaambie sasa kilichoninyima usingizi. Mwishoni mzee akanionesha fremu ya chini kabisa. Vigae vya maua, waridi na majani, rangi kama pipi, mistari imeinuka. Akasema hivi havikutoka mbali, alivitoa kwenye baraza za maduka ya zamani hapa hapa mjini.

Nikavitambua. Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kuvunja baraza ya duka moja la zamani ili tuweke marumaru mpya. Ukuta wa chini ulikuwa na vigae hivyo hivyo. Nilivipiga nyundo siku moja na nusu, nikavipakia kwenye guta, vikaenda kujazia shimo la mtaani kwetu. Mpaka leo tunavikanyaga.

Mzee sikumwambia. Nimewaambia nyinyi.

Sato Mkavu

Uzi bila picha mkuu? Umeingia chumba chenye vigae 74 na simu iko mfukoni, halafu unatuletea maneno?

Fundi wa Igoma

Alikataa, kaka. Alisema picha zikitoka, wiki ijayo atakuwa na wageni wa usiku wenye tochi. Na mimi ndiye pekee aliyeingia, unadhani polisi wataanza kwa nani?

Dalali wa Kirumba

Fundi nicheki pembeni. Nina mteja wa mali za kale, analipa taslimu. Muulize mzee anaachia kwa kiasi gani, tutajua la kufanya.

Fundi wa Igoma

Dalali, wewe si ndiye uliyekuwa na mteja wa rupia ya Mjerumani mwaka juzi? Yule mteja alishafika au bado yuko njiani?

Bei nilimuuliza mwenyewe, sifichi. Akasema cha Kiholanzi cha kawaida si mali ya kutisha, vilitengenezwa kwa mamilioni, cha kawaida hata fundi akijibana ananunua. Kinachopanda bei ni meli nzuri, wanyama wa ajabu, au seti nzima isiyopungua kipande. Vyake vimechanganyika, vingine vimeungwa. "Hapa unaona mapenzi, huoni pesa." Halafu zikifika hatua za kuvusha mali za kale mpakani kuna vibali, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Mteja wako anajua hilo?

Mkazi wa Pasiansi

Uzi mzuri sana, ila nikurekebishe sehemu moja kwa heshima. Hivyo vya maua vilivyokunyima usingizi si vya kuchorwa kama hivyo vya Uholanzi, na si vya zamani kiasi hicho.

Mambo yalibadilika kwa awamu. Mwaka 1756 kule Liverpool, John Sadler na Guy Green waliapa mbele ya wakili kwamba wamechapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa 6, wao wawili tu. Kuchapa, si kuchora. Ukitaka kutofautisha, tazama mstari: brashi inanenepa na kukonda kadiri mkono unavyokaza na kulegea, chapa inakuwa na mistari myembamba iliyobanana kama picha ya noti. Kisha 1840 Richard Prosser, Mwingereza, akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kugandamiza udongo mkavu wa unga kwa mashine. Hapo ndipo kigae kikanyooka kama unavyopenda wewe fundi.

Vyenye mistari iliyoinuka na rangi za pipi, nabashiri ni vya Japani. Viwanda vyao viliiga mtindo wa Waingereza, na kuanzia miaka ya 1910 mpaka ya 1930 waliuza sana Asia yote, India ikiwa mteja mkubwa. Walitengeneza hata vyenye miungu ya Kihindu, Krishna na Lakshmi. Mchoro unatoka kwenye umbo la chuma, mistari iliyoinuka inakuwa kama matuta ya shamba la mpunga, halafu rangi zinamiminwa kwa mkono kati ya matuta zisichanganyike. Kwa hiyo mkono upo, ila ni wa kumwagilia.

Fundi wa Igoma

Mkuu umenipunguzia dhambi au umeniongezea? Sijaelewa.

Ila umenikumbusha, mzee alitaja India. Alisema baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba, na vigae vya mjini vilikuja kwa masanduku yaliyojazwa majani makavu, kutoka Bombay mpaka Mombasa kwa meli, Mombasa mpaka Kisumu kwa treni, Kisumu mpaka hapa kwa meli ya ziwani. Reli yetu ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, kabla ya hapo mzigo mkubwa ungepita wapi? Mimi boksi moja likitoka Dar kwa basi linafika na vipande vitatu vimevunjika.

Mwanafunzi Mstaafu

Niliwahi kupita Porto, Ureno, nikabadilisha treni kituo cha São Bento. Ukumbi wa kuingilia una vigae karibu 20,000, kazi ya Jorge Colaço mwanzoni mwa karne ya 20. Vita, wafalme, wakulima, vyote bluu. Niliachwa na treni nikiwa nimeinua kichwa, na tiketi haikurudishwa. Wareno wanaviita azulejo, kutokana na "azul", yaani bluu.

Mkazi wa Pasiansi

Wengi wanadhani hivyo mkuu. Neno ni la Kiarabu, az-zulayj, jiwe dogo lililong'arishwa. Morocco bado wanasema zellij. Vigae vya mwanzo vya Wareno vilikuwa na rangi nyingi. Bluu na nyeupe iliwashika baadaye, walipoanza kuagiza vya Uholanzi. Nao Waholanzi walikuwa wanaiga vyombo vya Uchina. Kila mtu alimwibia jirani yake.

Mpwani Halisi

Nyie watu wa ziwani mnashangaa vigae leo? Sisi Pwani wazee walipachika bakuli na sahani za Kichina kwenye makaburi ya nguzo. Nendeni Kunduchi, Dar hapo hapo, makaburi yapo. Sahani nyingi zimeshang'olewa, limebaki duara tupu la chokaa kama jicho lililotolewa. Ndani ya nyumba za Lamu kuna zidaka ukuta mzima, vyombo vya kauri vimepangwa humo.

Halafu hilo neno lenu. Kigae kwetu ni kipande cha chungu kilichovunjika. Bibi akikwambia lete kigae, anataka cha kuchukulia kaa la moto.

Fundi wa Igoma

Hilo la kigae nimelipenda. Sisi kazini tunasema marumaru, au tailizi tukiwa na haraka. Mzee ndiye anasema vigae, na kweli nusu yake vimevunjika, kwa hiyo yuko sahihi kwa maana zote mbili.

Binti wa Ukerewe

Mimi nimekulia kwa bibi mfinyanzi, nikachoka kusikia tanuri tanuri. Bibi alichoma vyungu uwanjani, majani na samadi ya ng'ombe, moto unawaka unakwisha. Moto wa wazi haushiki joto la juu muda mrefu, ndiyo maana vyungu vyetu havina kioo juu, kioo hakiyeyuki hapo. Hatukukosa akili. Na chungu cha maji kikipakwa kioo hakipozi tena, maana kinapoza kwa kutoa jasho.

Na ufinyanzi wa ziwa hili ni mzee kuliko Mholanzi wenu. Vyungu vya kale vya mtindo unaoitwa Urewe vimefukuliwa pande zote za Nyanza, upande wa Kagera vina zaidi ya miaka 2,000, vingine chini vimebonyezwa kwa kidole gumba vikabaki na kishimo. Fundi, wewe uligusa tundu la msumari. Kuna watu wameweka kidole mahali pa kidole.

Fundi wa Igoma

Dada umenimaliza. Hiyo nitampelekea mzee.

Nyundo Nzito

Mimi pia fundi, nipo Nyegezi. Tuache ushairi. Mteja akisema ng'oa zote na anataka kuhamia Ijumaa, wewe utafanyaje? Uanze kuzibembeleza? Nani atalipa hizo siku?

Fundi wa Igoma

Swali la haki kabisa, na ndilo nililomuuliza mzee.

Kwanza gonga ujue imeshikwa na nini. Kama ni saruji, pole, nyingi zitavunjika na hutaokoa kitu. Zile za zamani mara nyingi zimekalia chokaa, na chokaa ni laini kuliko kigae. Unatoa sadaka kigae kimoja, kile ambacho tayari kimepasuka, upate mlango. Kutoka hapo unakwangua maungio kwa jino la msumeno wa chuma, kisha unapitisha jino hilo hilo nyuma, kwenye chokaa, taratibu, usikibinue kama kifuniko cha soda. Binua ndiyo inayoua kona. Ukuta ukiulowesha siku moja kabla, chokaa inalegea.

Ukikitoa usikimbilie kukisugua. Chumvi ya ukutani imeingia mgongoni. Kikikauka chumvi inavimba na kumenya kile kioo cha mbele. Mzee anavilaza kwenye ndoo ya maji ya mvua wiki kadhaa, anabadilisha maji. Asidi ya kusafishia choo marufuku.

Kuhusu malipo: mwambie mteja ukweli kwamba zina thamani, kuna wa kumtafutia. Akikataa, vunja, umeshasema. Mimi mwaka ule sikusema, maana sikujua.

Nyundo Nzito

Hapo sawa. Maji ya mvua nitajaribu. Ila kifuniko cha soda kaka, umenipiga picha kabisa, ndivyo ninavyofanya.

Sato Mkavu

Fundi, katika guta zima hakikubaki hata kimoja? Hata cha ukumbusho?

Fundi wa Igoma

Sikumbuki. Vilikuwa kifusi, nani anaweka ukumbusho wa kifusi?

Fundi wa Igoma

MREJESHO.

Wakuu, jiko limekwisha jana. Nikasafisha grauti, nikafunga vifaa, mzee akatoa hela yangu. Nikashindwa kuondoka. Nikamwambia yote, baraza, nyundo, guta.

Alinyamaza kidogo. Nikasubiri anifukuze. Akaniuliza: "Hilo shimo liko mtaa gani?" Nikamwambia limeshawekwa kifusi juu mara tatu. Akatikisa kichwa, akasema baba yake aliwahi kubandua vigae vya namna hiyo jikoni mwao akaweka sakafu ya saruji nyekundu, mwaka ambao kila mtu alitaka saruji nyekundu. Nikamweleza na ya Binti wa Ukerewe, ya kidole gumba. Hiyo aliniomba nirudie mara mbili.

Jioni nikapita nyumbani kwa bi mkubwa, Igoma. Kaivisha ugali, kautua mezani na sufuria lake. Sasa mimi kwenye hiyo meza nimekula miaka yote, lakini jana ndiyo nimeona sufuria limekalia nini. Nikamwambia mama, nyanyua kidogo.

Waridi la pinki, majani ya kijani, mistari imeinuka. Kona moja imemeguka, katikati pameungua. Nikauliza amekipata wapi. "Kwenye guta lako siku ile, nilikuta kimoja kizima nikasema kitafaa kuwekea cha moto. Wewe ulikuwa unanihimiza nikupishe."

Nikakigeuza. Nyuma kuna miraba midogo midogo iliyobonyea, alama ya kiwanda, na chini yake, ukikilaza kwenye mwanga wa taa, neno JAPAN. Mkazi wa Pasiansi, chai yako ipo kwangu.

Sato Mkavu, picha ya mbele na ya nyuma hizo hapo nimeambatisha. Hiki mwenyewe hajakataza.

Nikampigia mzee hapo hapo. Akaniambia kwenye fremu ya chini kuna nafasi moja, atatoa boksi zima la marumaru mpya abadilishane. Nikamgeukia bi mkubwa. Hata hakuacha kula. Akasema marumaru mpya zikipata joto la sufuria zinapasuka, hii haijapasuka. Mzee akitaka kukiona aje, kiko mezani kila mchana.

Anakuja Jumapili. Nimeshaagiza sato wawili Mwaloni.